Kutambua Mapenzi ya Mungu Katika Ujana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana Wakatoliki wa Bagamoyo

Maswali haya huulizwa na vijana wa Bagamoyo baada ya misa, katika vikao vya VIWAWA (vijana Wakatoliki wafanyakazi) na TYCS (wanafunzi Wakatoliki), na mara nyingi zaidi pembeni, baada ya kijana kuhakikisha kwamba wenzake wamekwisha kuondoka. Hayakupangwa kwa uzito. Aliyeyajibu ni mlei anayesaidia malezi ya vijana, si padre, kwa hiyo panapohusu sakramenti au sheria ya Kanisa, neno la mwisho ni la paroko wako.

Tunaposema "mapenzi ya Mungu" tunamaanisha nini?

Vijana wengi huja wakiamini kwamba mapenzi ya Mungu ni siri moja iliyofichwa mahali, na kwamba asiyeigundua kabla ya kumaliza chuo amekwisha kupitwa. Maandiko hayaanzii huko. Mtume Paulo anawaambia Wathesalonike waziwazi kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao (1 Thes 4:3), kisha anarudia kwamba mapenzi hayo ni kufurahi, kuomba bila kukoma na kushukuru kwa kila jambo (1 Thes 5:16-18). Sehemu kubwa ya kile Mungu anachokutaka, basi, imekwisha kusemwa: imo katika amri, katika heri za mlimani, na katika wajibu wa hali uliyo nayo leo, uwe mwanafunzi, mfanyakazi au mtoto wa nyumbani. Kijana anayefanya novena, yaani sala ya siku tisa, ili ajue kama anaitwa kuwa padre, huku akikwepa kumlipa mwenzake deni analolijua, anatafuta kwa bidii lile asiloambiwa na kuliacha lile aliloambiwa.

Baada ya hayo ndipo yanapobaki mambo ambayo hakuna amri inayoyaamua: kuoa au kuolewa, kuingia utawani, kusomea upadre, kuchagua kazi, kuhama au kubaki. Hapa hatuchagui kati ya jema na baya, kwa kuwa hilo limekwisha kuamuliwa. Tunachagua kati ya jema na jema. Ukurasa huu unahusu hasa sehemu hiyo ya pili, ingawa asiyeishughulikia ya kwanza atahangaika bure na ya pili.

Je, Mungu ameniandalia mtu mmoja tu au kazi moja tu, kiasi kwamba nikimkosa maisha yangu yameharibika?

Hapana. Kanisa halifundishi hivyo. Mungu hukuita kweli, tena kwa jina, lakini hukuita kama mtu huru anayejibu, na anaweza kuendelea kukuongoza hata baada ya uchaguzi usiokuwa mzuri. Hofu ya kukosea mara moja na kupotea milele haitoki kwake.

Nisali namna gani ninapotafuta wito wangu?

Anza na sala ambayo umeijua tangu utotoni. Kila tunaposema "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni" tunaomba jambo hasa tunalolitafuta hapa, na kwa kawaida tunalisema mbio kwa sababu tumelizoea. Isali Baba Yetu mara moja polepole, ukisimama katika ombi hilo, na ujiulize kwa unyofu kama unataka lifanyike lake au unataka lako lipewe muhuri.

Pili, lisome Neno kwa utaratibu. Chukua Injili ya siku, isome mara mbili au tatu, baki na sentensi moja iliyokugusa, zungumza na Bwana juu yake, kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wengi. Mji wetu una muziki, pikipiki na simu zisizolala, na kijana anayesubiri utulivu umjie wenyewe atasubiri sana. Wengine hutumia saa ya alfajiri baada ya adhana ya kwanza, wakati mtaa bado haujachangamka. Wengine hupita misioni na kukaa mbele ya Groto ya Bikira Maria jioni. Mahali si kitu kikubwa. Kinachohitajika ni muda ule ule kila siku, hata kama ni robo saa.

Tatu, misa na kuabudu Ekaristi. Sitaeleza sana hapa, isipokuwa kusema kwamba anayeomba kuongozwa na Kristo huku hapokei Ekaristi bila sababu ya msingi, anauliza njia kwa mtu ambaye hataki kukaa naye mezani. Sakramenti ya Kitubio inakwenda pamoja na hili, kwa kuwa dhambi tuliyoizoea hupofusha, na kipofu hachagui vizuri.

Nne, kila usiku pitia siku yako pamoja na Mungu. Shukuru kwanza. Kisha tazama saa kwa saa: ni wapi moyo ulikuwa mpana, mwepesi kupenda na kusamehe, na ni wapi ulijikunja? Andika mstari mmoja katika daftari. Baada ya miezi michache daftari hilo litakueleza mengi kuliko hisia za usiku mmoja wa mkesha.

Nasikia watu wakitaja mbinu ya Mtakatifu Inyasi. Ni ipi?

Inyasi wa Loyola alikuwa askari wa Kihispania aliyependa sifa. Mwezi Mei mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika mapigano ya Pamplona, akalazwa nyumbani kwao akiuguza. Aliomba hadithi za mashujaa na mapenzi ili apitishe muda, lakini nyumbani mle vilikuwamo tu vitabu vya maisha ya Kristo na vya watakatifu. Akawa anawaza kwa zamu: saa fulani anajiona akimtumikia bibi wa heshima kwa matendo ya ushujaa, saa nyingine anajiuliza ingekuwaje kama angefanya aliyoyafanya Fransisko au Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha alipokuwa nayo. Tofauti ilionekana baadaye: yale ya kwanza yalimwacha mkavu na asiyeridhika, na yale ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Kutokana na tofauti hiyo ndogo alijifunza kuzichunguza roho, yaani misukumo ya ndani, na kanuni zake zimo katika kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548.

Tunayoweza kuyachukua ni haya. Usiuulize moyo wako unajisikiaje wakati wa kuwaza jambo, bali unabaki vipi baada ya kuliwaza. Faraja ya kweli huongeza imani, matumaini na mapendo, na humfanya mtu awajali wengine zaidi. Hali ya ukiwa, yaani ukavu wa moyo, humfunga mtu, huleta fadhaa na kumfanya mtu avione vitu vya Mungu kuwa vizito. Na wakati wa ukiwa, anasema Inyasi, usibadilishe kabisa uamuzi ulioufanya ulipokuwa katika amani. Nahodha aliyeweka mwelekeo wake kukiwa kweupe hageuzi jahazi usiku wa mvua kwa sababu tu haoni tena ufuko.

Inyasi anataja pia nyakati tatu za kufanya uchaguzi. Kuna wakati Mungu anapoivuta nia ya mtu bila kumwachia shaka yoyote, kama alivyoitwa Matayo. Kuna wakati wa kupima faraja na ukiwa, kama ilivyoelezwa. Na kuna wakati wa utulivu, ambapo mtu hana msukumo wowote wa pekee na anatumia akili yake: anaandika faida na hasara za kila upande kwa ajili ya utukufu wa Mungu na wokovu wa roho yake, anajiuliza angemshauri nini mtu asiyemjua mwenye swali hilohilo, na angependa kuwa amechagua nini saa ya kufa kwake. Akishaamua, anaupeleka uamuzi huo mbele ya Mungu na kumwomba authibitishe. Vijana wengi huudharau wakati huo wa tatu wakidhani kutumia akili si jambo la kiroho. Kwa maoni yangu ndio unaowafaa wengi wetu.

Nimemwomba Mungu ishara. Je, ni vibaya?

Kuomba mwanga si vibaya. Kumwekea Mungu masharti ni jambo jingine. Gideoni aliomba ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili (Waamuzi 6:36-40), lakini soma sura yote: Mungu alikuwa amekwisha kumwambia la kufanya, na ishara ilikuwa huruma kwa mtu mwoga. Yesu mwenyewe alipoambiwa ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu alijibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kijana anayesema "binti yule akinitumia ujumbe kabla ya saa mbili, basi ndiye mke wangu" hajasali. Amecheza bahati nasibu.

Wapo wanaofungua Biblia popote na kushika mstari wa kwanza wanaouona, wakimtaja Mtakatifu Agostino. Ni kweli kwamba mwaka 386, katika bustani huko Milano, Agostino alisikia sauti ya mtoto ikiimba atwae asome, akafungua nyaraka za Paulo na kukutana na Warumi 13:13-14. Lakini kabla ya hapo palikuwa na miaka ya kutafuta, machozi ya mama yake Monika na mahubiri ya Askofu Ambrosi. Aya ile haikumfundisha jambo jipya. Ilimvunjia kisingizio cha mwisho cha kukataa jambo alilokwisha kulijua.

Rafiki yangu amealikwa kwa mtumishi anayewatabiria vijana wachumba na kazi. Niende naye?

Usiende, na mwombe naye asiende. Katekisimu (namba 2116) inakataza kila aina ya uaguzi, iwe kwa nyota, kwa viganja, kwa mizimu au kwa watu wanaodai kuona yaliyofichika, na haijalishi kama anayefanya hivyo ana kibuyu mkononi au kipaza sauti. Anayekuambia jina la mchumba wako anakuondolea kazi ambayo Mungu amekuachia wewe. Tena mara nyingi anakuondolea na pesa.

Watakatifu wanasaidiaje katika jambo hili? Je, wanatuambia la kufanya?

Watakatifu hawatupigii ramli. Wanatuombea, na maisha yao yanatuonyesha namna mapenzi ya Mungu yanavyoonekana yakiishi ndani ya mtu mwenye tabia fulani, familia fulani na wakati fulani. Ndiyo sababu napendekeza usome maisha ya mtakatifu mmoja kikamilifu, pamoja na miaka yake ya kutojua, kuliko kukusanya sala za watakatifu kumi. Anza na yule uliyepewa jina lake katika ubatizo au kipaimara. Ni ajabu ni vijana wangapi hawajui hata msimamizi wao alikufaje.

Ni nani kati yao aliye karibu na kijana wa Bagamoyo?

Kwangu wa kwanza ni Yosefina Bakhita. Kila anayeishi hapa anajua misafara ya watumwa ilikuwa inaishia wapi, na anajua kwamba Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni mwaka 1868 kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi. Bakhita hakupita Bagamoyo. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa tena na tena mpaka akafikishwa Italia. Huko Venezia, kwa masista Wakanosa, alijifunza imani. Mwanamke aliyejiona mmiliki wake alipotaka kumrudisha Afrika kuhudumu hotelini, Bakhita alikataa. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ilitamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, na mwaka 1896 akaweka nadhiri katika shirika lilelile. Angalia mpangilio: kwanza uhuru, kisha ubatizo, kisha nadhiri. Uchaguzi mkubwa wa kwanza ambao mtumwa yule aliufanya kwa hiari yake ulikuwa kubaki mahali alipomjua Mungu, na tangu hapo alipika, akashona, akafungua mlango wa konventi ya Schio hadi uzeeni. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Wa pili hajatangazwa mtakatifu, lakini bila yeye misioni yetu isingekuwapo. Claude Poullart des Places, mzaliwa wa Rennes nchini Ufaransa, mtoto wa familia yenye mali, alikuwa amesoma sheria na njia ya heshima ilikuwa wazi mbele yake. Mwaka 1701, akiwa na umri wa miaka 22, alifanya mafungo na kuandika tafakari juu ya kuchagua hali ya maisha. Aliupima utawa, akaupima upadre, akayapima maisha ya ulimwenguni, na katika kila pumziko la kalamu alijichunguza bila kujipendelea: anapenda sifa, anachoka upesi, anawahurumia maskini. Siku ya Pentekoste mwaka 1703, kabla hata ya kupadirishwa, alikusanya wanafunzi maskini na kuanzisha shirika la Roho Mtakatifu. Alikufa mwaka 1709 akiwa na miaka 30 tu. Miaka 165 baada ya Pentekoste ile wafuasi wake walianza kazi hapa. Kijana anayeona aibu kuorodhesha udhaifu wake mbele ya Mungu na amkumbuke.

Katika shirika hilohilo yumo Francis Libermann, mwana wa rabi wa Kiyahudi, aliyebatizwa mwaka 1826 na kutaka upadre. Kifafa kilimzuia. Kwa zaidi ya miaka kumi alingoja daraja takatifu ya upadre, akiwasaidia wenzake wapate alichonyimwa yeye, hadi alipopadirishwa mwaka 1841. Mlango ukifungwa kwa sababu ya afya au karo, usiharakishe kusema Mungu amekataa. Labda amesema bado.

Wapo pia Karoli Lwanga na wenzake wa Uganda, waliouawa na mfalme wao kwa ajili ya imani, wengi wao Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe) walioipeleka imani ile Buganda walianza safari yao ya bara hapa Bagamoyo mwaka 1878. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu, na yeye na wenzake wanatufundisha kwamba dhamiri iliyoelekezwa na Injili haimwogopi hata mfalme.

Wazazi wangu hawataki niingie utawani. Je, nisiwatii?

Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, na heshima hiyo haikomi ukitimiza umri. Lakini kuchagua hali ya maisha si mali yao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 219, inasema waamini wote wana haki ya kutolazimishwa katika kuchagua hali ya maisha, na inafanya kazi pande zote mbili: mzazi hawezi kukuzuia wala hawezi kukusukuma. Ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa kutoka nje si halali (kanuni ya 1103), na ni mwiko kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja (kanuni ya 1026). Wapo wazazi wanaotaka sana mtoto awe padre kwa ajili ya heshima ya ukoo. Wao pia wameonywa.

Hata hivyo sikiliza sababu zao. Mama mjane anayemtegemea binti mmoja hasemi upuuzi, na mzazi anayesema "mwanangu, wewe hujawahi kumaliza jambo uliloanza" huenda anakujua kuliko unavyojijua. Teresa wa Mtoto Yesu alitaka kuingia monasteri ya Karmeli akiwa na miaka 14. Baba yake alikubali, mjomba wake na mkuu wa monasteri wakakataa, na mwezi Novemba 1887 alikwenda hadi Roma na kumwomba Papa Leo wa Kumi na Tatu mwenyewe, aliyemjibu kwamba ataingia kama Mungu akipenda. Alirudi nyumbani akilia, akangoja, akaingia tarehe 9 Aprili 1888. Hakutoroka nyumbani wala hakumtukana mtu. Mweleze baba na mama kwa utaratibu, mwombe paroko au mzee wa jumuiya ndogondogo aje akae nao, na wape muda.

Ninampenda kijana Mwislamu. Je, Mungu anaweza kuwa ananiita katika ndoa hiyo?

Hapa kwetu Waislamu ni majirani, ndugu, walimu wetu na wafadhili wa misiba yetu, kwa hiyo swali hili halina ugeni wowote na halistahili kujibiwa kwa dharau. Kisheria, ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi (kanuni ya 1086), na haiwi halali bila ruhusa ya pekee ya askofu. Ili itolewe, upande wa Katoliki unaahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anajulishwa ahadi hizo. Ukifunga ndoa bomani bila ruhusa hiyo, Kanisa haliitambui.

Utambuzi sasa unaanza kwa maswali yasiyopendeza. Je, mmezungumza juu ya watoto, kwa majina na kwa vitabu vyao vya dini, au mmesema tu "Mungu ni mmoja" na kuliacha? Familia yake inatarajia usilimu? Wewe unatarajia kimoyomoyo abatizwe baadaye? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, humpendi kama alivyo bali kama unavyomtaka awe, na yeye ana haki ya kulijua hilo mapema. Nimeona ndoa za namna hii zikiishi kwa amani na heshima. Nimeona pia moja kati ya imani mbili ikinyamazishwa kidogokidogo ndani ya nyumba. Zungumza na paroko kabla ya mahari, si baada yake.

Mimi sina wito wa upadre wala utawa. Je, kazi ya kawaida inaweza kuwa mapenzi ya Mungu?

Ndiyo, na neno "kawaida" liondoe. Pier Giorgio Frassati, mzaliwa wa Torino mwaka 1901, alichagua kusomea uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji, na alibaki mlei kwa makusudi. Alikuwa mtoto wa mwenye gazeti kubwa, lakini pesa zake ziliishia kwa maskini wa mitaa ya nyuma. Alikufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, kabla ya kupata shahada yake, na alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, kijana wa kompyuta aliyefariki akiwa na miaka 15. Anayesoma TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, na kujiuliza kama ngoma na uchoraji vinaweza kumtukuza Mungu, na anayevua samaki na kujiuliza kama apime mizani kwa haki wakati wenzake hawafanyi hivyo, wote wawili wamekwisha kuanza kutambua.

Nimesali muda mrefu na sisikii chochote.

Karibu katika kundi kubwa. Teresa wa Kolkata alisikia wito wake wa kuwahudumia maskini kabisa akiwa safarini kwa treni tarehe 10 Septemba 1946, kisha akaishi miaka mingi katika ukavu ambao barua zake zilikuja kuufichua baada ya kifo chake. Hakuacha kuwaosha wagonjwa kwa sababu hakuhisi kitu. Nawe ukiwa hivyo, usiache sala, usiongeze sala kumi mpya kwa hofu, na angalia kama tatizo ni usingizi, njaa, msongo au huzuni ya kuugua, kwa kuwa mara nyingine anayehitajika ni daktari.

Nina mtoto na sijaoa. Je, bado Mungu ananiita?

Agostino alikuwa na mwana, Adeodato, kabla ya kubatizwa mwaka 387, na mwanawe alibatizwa naye. Dhambi iliyoungamwa haifuti wito. Lakini mtoto si dhambi. Ni mtu, na wajibu wako kwake ndiyo sehemu ya mapenzi ya Mungu ambayo haihitaji kutambuliwa. Mlee kwanza, mtambue, mgharamie. Mashirika ya kitawa yenyewe hayatakuruhusu kumkimbia.

Nikiingia nyumba ya malezi kisha nikatoka, nitakuwa nimemsaliti Mungu?

Kanisa limeweka miaka hiyo kwa makusudi ili wewe na wao mpimane. Unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, ni angalau miezi kumi na miwili, nadhiri za muda kwa kawaida ni angalau miaka mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kuweka nadhiri za daima kabla ya kutimiza miaka 21. Daraja ya upadre haitolewi kabla ya miaka 25. Anayetoka ndani ya kipindi hicho kwa uaminifu amejifunza, wala hajakimbia. Kinachosikitisha ni maneno ya mtaani, yule "mtoto wa fulani amefukuzwa seminari", ambayo yamewafanya vijana wabaki mahali wasipostahili kwa hofu ya aibu.

Louis Martin aliomba kuingia monasteri ya Mtakatifu Bernardo milimani akakataliwa kwa kutojua Kilatini. Zélie Guérin aliomba kwa masista wa huruma naye akakataliwa. Walioana mwaka 1858, na binti yao wa mwisho ni yule Teresa aliyekwenda kulia mbele ya Papa. Wote wawili walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, kama mume na mke.

Nataka kuanza. Niende kwa nani, na nichukue nini?

Tafuta mlezi mmoja wa kiroho, padre, sista au mlei mwenye busara, na ukae naye angalau mara moja kwa mwezi. Usizunguke kwa watano ukitafuta atakayekukubalia. Sura ya 37 ya kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia ina onyo juu ya washauri wenye maslahi yao, kisha inaagiza kuusikiliza moyo wako, na zaidi ya yote kumwomba Aliye Juu akuongoze katika kweli. Kwa upadre, mwone paroko, naye atakuunganisha na mlezi wa miito wa jimbo. Tangu Jimbo la Bagamoyo lilipoundwa mwaka 2025 safari hiyo imekuwa fupi. Kwa utawa, andika barua kwa shirika unalolifikiria na uombe kuja kutazama kwa siku chache. Watakuomba cheti cha ubatizo, cha kipaimara, uthibitisho kwamba hujafunga ndoa, na barua ya paroko. Cheti cha ubatizo kinachotakiwa ni kilichotolewa karibuni na parokia ulikobatizwa, kwa hiyo kama ulibatizwa Morogoro au Lushoto, agiza mapema.